Taa za breki za gari la zamani: tafuta volti zilizopotea kabla ya kununua balbu

Shemeji yangu alinifuata nyuma na gari lake kwa nusu saa hivi. Tulipofika akashuka amekunja uso. "Shemu, unasimamaje bila kutoa taarifa? Mara tatu nimeponea kukugonga."

Nikamwambia taa zinawaka, nilizikagua asubuhi. Hakubishana. Alimwita dada yangu akakae kwenye usukani akanyage breki, mimi akanisimamisha nyuma ya bampa. Taa ziliwaka kweli. Ila jua lilikuwa la saa saba, na ilibidi niweke kiganja juu ya kava ya taa, kama mtu anayejikinga macho, ndipo nione kwamba wekundu umebadilika. Asubuhi nilizikagua ndani ya gereji yenye giza. Gizani hata njiti ya kiberiti ni taa.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle ya 1964, ya volti 6, niliyoachiwa na baba. Nitaeleza kwa kutumia hilo kwa sababu ndilo nimelifumua kwa mikono yangu, lakini kazi ni ileile kwenye gari lolote la umri huo, liwe la volti 6 au 12.

Niseme kwanza nilipokosea. Nilikimbilia kununua balbu zenye wati nyingi zaidi. Mwanga haukuongezeka kwa kiasi cha kuonekana, na baada ya foleni ndefu niliyokaa mguu ukiwa juu ya breki, kava ya upande wa kulia ikaanza kujikunja kwa joto. Balbu kubwa inavuta umeme mwingi kupitia waya zilezile chakavu, kwa hiyo umeme unaopotea njiani nao unaongezeka. Nikawa nimelipia joto. Balbu ya kiwanda inatosha, mradi ipate volti zake.

Na hapo ndipo penye siri yote. Mwanga wa balbu ya filamenti haushuki sambamba na volti. Unaporomoka, takriban kwa kipeo cha 3.4. Kwenye gari la volti 12, ukipoteza volti moja njiani umepoteza kama robo ya mwanga. Kwenye gari la volti 6, volti hiyohiyo moja inakula karibu nusu. Gari langu lilikuwa limepoteza 1.6. Hesabu hiyo inakuacha na theluthi moja ya mwanga na kidogo juu yake, na hilo ndilo shemeji alikuwa anajaribu kuliona juani.

Anza kwa kutoa balbu

Kabla ya kifaa chochote, fungua kava, toa balbu, itazame. Kioo kikiwa na weusi kama moshi kwa ndani, hiyo imezeeka hata kama inawaka. Badilisha zote mbili kwa pamoja, maana taa moja kali na nyingine hafifu humchanganya aliye nyuma.

Magari mengi hutumia balbu moja yenye filamenti mbili: ndogo ya wati 5 kwa taa ya usiku, na kubwa kwa breki, ambayo kwangu ni wati 18 na kwenye magari ya volti 12 kwa kawaida ni 21. Ukiitazama pembeni utaona vijipini viwili, kimoja kiko juu kidogo kuliko kingine. Vimewekwa hivyo ili balbu iingie upande mmoja tu. Lakini holda iliyochakaa, au mtu mwenye vidole vya nguvu, huweza kuilazimisha iingie kinyume. Hapo filamenti ya wati 18 inawaka usiku kucha kama taa ndogo, na ukikanyaga breki kinachoongezeka ni wati 5 tu. Taa yangu ya kushoto ilikuwa hivyo, na sijui ilikuwa hivyo kwa miaka mingapi. Namna ya kuijua: washa taa ndogo usiku, linganisha kushoto na kulia. Upande unaong'aa sana wakati hujagusa breki ndio uliogeuzwa.

Ukiwa umeishika balbu, sugua kitako chake kwa kifutio cha penseli mpaka risasi ya chini ing'ae. Ndani ya holda tumia brashi ndogo ya waya, na ubonyeze kile kidude cha shaba chenye springi uone kama bado kinarudi juu. Kikiganda chini, hakitaigusa balbu vizuri.

Kupima, na mtu wa kukanyaga pedali

Unahitaji multimita ya kawaida, waya mrefu wenye klipu, na mtu mvumilivu. Wangu alikuwa binti wa dada yangu, ambaye kila baada ya dakika mbili alipaza sauti, "Mama mdogo, bado nikanyage?" Bado, mwanangu.

Jambo moja lilinipotezea siku nzima. Nilitoa balbu, nikapima ndani ya holda tupu, multimita ikaonyesha volti 6.2, sawasawa na betri. Nikaapa kwamba waya ni mzima. Si kweli. Waya uliooza mpaka ukabaki na uzi mmoja bado unaonyesha volti zote kama haubebi mzigo. Hasara huonekana umeme unapopita, kwa hiyo balbu lazima iwe mahali pake na iwe inawaka wakati unapima.

Pima hivi. Pedali ikiwa imekanyagwa, soma volti kwenye nguzo mbili za betri. Kwangu zilikuwa 6.2. Kisha weka ncha nyekundu kwenye nguzo chanya ya betri na nyeusi kwenye kidude cha shaba kinachopeleka umeme kwa filamenti ya breki. Namba unayoiona ni hasara ya njia ya kwenda. Mimi nilipata 0.9. Halafu ncha nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri, nyekundu kwenye bati la holda. Hiyo ni hasara ya njia ya kurudi, ambayo mafundi wanaiita ethi. Nilipata 0.7. Jumla 1.6, kwa hiyo balbu ilikuwa inaishi kwa volti 4.6.

Ukipata chini ya 0.1 upande wa ethi na chini ya 0.3 upande wa kwenda, taa zako hazina deni na waya. Ruka mbele ukasome habari za bakuli la taa. (Kama una gari la Kiingereza la miaka ya 1950 au mwanzoni mwa 1960, angalia kwanza nguzo ipi ya betri imefungwa kwenye bodi. Mengi yao yalifungwa chanya. Kipimo hakibadiliki, ila ncha unazigeuza.)

Ethi ndiyo mgonjwa wa kwanza

Watu wengi wanakimbilia waya unaopeleka umeme kwa sababu unaonekana. Njia ya kurudi haina waya wa kuonekana. Umeme unarudi kupitia mabati ya gari lenyewe. Sasa fikiria safari yake kwenye Beetle: kutoka kwenye balbu kwenda kwenye holda, kutoka holda kwenda kwenye bati la taa, kutoka hapo kwenye madigadi, na kutoka madigadi kwenda kwenye bodi. Kati ya madigadi na bodi pana ule mkanda wa plastiki unaoziba mwanya, na plastiki haipitishi umeme. Kinachobaki ni bolti za madigadi, ambazo zimepakwa rangi mara tatu na kuota kutu mara nne. Umeme wa taa yangu ya breki ulikuwa unapita kwenye nyuzi za bolti moja.

Sikuhangaika na bolti. Nilichukua waya wa milimita 2.5 za mraba, rangi ya kahawia kwa kuwa Wajerumani ndiyo rangi wanayoitumia kwa ethi, nikaufunga kwenye skrubu inayoshika bati la taa, nikaupitisha pamoja na waya nyingine mpaka ndani ya chumba cha injini, nikaufunga kwenye bodi. Mahali pa kufungia nilikwangua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa kama sarafu mpya, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, kisha juu yake nikapaka vaselini kuzuia unyevu. Fuata mpangilio huo: vaselini mwisho. Nilifanya vivyo hivyo upande wa pili. Hasara ikashuka kutoka 0.7 hadi 0.05, na nilikuwa sijanunua chochote zaidi ya waya na teminali nne.

Kuna dalili moja ya ethi mbovu ambayo haihitaji multimita. Ukikanyaga breki na taa ndogo ikafifia, au indiketa ikapepesa kwa uvivu, au taa isiyohusika ikawaka kidogo, umeme umekosa njia ya kurudi na unajitafutia nyingine kupitia balbu za jirani.

Upande wa kwenda: fyuzi, kisha swichi

Fyuzi za magari ya Ulaya ya zamani ni vile vipande vyenye ncha mbili, vilivyoshikwa kwa midomo ya springi. Zizungushe kwa vidole papo hapo zilipo. Nyingine zitakuonyesha tofauti mara moja. Zenye ukanda wa alumini huota ukungu mweupe. Tafuta zenye ukanda wa shaba. Hapo nilirudisha 0.2.

Sehemu kubwa ya hasara, volti 0.6, ilikuwa ndani ya swichi ya breki. Kwenye magari yenye swichi ya pedali mambo ni mepesi: legeza nati, isogeze mpaka taa iwake pedali ikishuka milimita chache tu, kaza. Kwenye Beetle yangu swichi imefungwa kwenye masta silinda na inawashwa na presha ya mafuta ya breki. Ina mabaya mawili. Vidole vya ndani huungua kwa sababu umeme wote wa balbu mbili, ampea 6 hivi, unapita hapo. Na ikizeeka inataka presha kubwa ndipo iwake, maana yake ukipunguza mwendo polepole kwa mguu mwepesi, kama dereva muungwana, taa haziwaki kabisa. Hilo linaweza kueleza angalau mara moja kati ya zile tatu za shemeji.

Kuibadilisha si kazi kubwa: andaa mpya mkononi, fungua ya zamani, ziba tundu kwa kidole, funga mpya haraka. Mafuta ya breki yanaharibu rangi ya gari, kwa hiyo weka matambara na uwe na maji karibu. Baada ya hapo jaza mafuta na ukanyage pedali. Ikiwa laini kama sifongo, hewa imeingia. Toa hewa kwenye magurudumu yote kabla gari halijasogea. Kama hujawahi kutoa hewa kwenye breki, hii sehemu mpe fundi. Kwenye taa unaweza kujifunza kwa kukosea; kwenye mafuta ya breki usijaribu.

Swichi mpya peke yake nayo itaungua baada ya muda. Dawa ni rilei. Swichi inaamsha rilei kwa umeme kidogo, na rilei ndiyo inayobeba mzigo kutoka betrini kwenda kwenye taa. Teminali zina namba zilezile karibu kila mahali: 30 inapokea umeme wa betri kupitia fyuzi yake yenyewe (niliweka ya ampea 10, karibu kabisa na betri), 87 inaupeleka kwenye taa za breki, 86 inaungwa kwenye ule waya wa zamani uliokuwa unatoka kwenye swichi kwenda kwenye taa, mweusi wenye mstari mwekundu kwenye gari langu, na 85 inakwenda ethi. Kwa gari la volti 6 hakikisha rilei ni ya volti 6. Ya 12 haitavuta, itakaa kimya na utadhani umekosea kuunga waya.

Wenye Beetle nisikilizeni hapa. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, na inavutia kuiweka rilei palepale. Springi za kile kiti ni chuma, na mtu mzito akikaa zinashuka. Springi ikigusa nguzo ya betri au teminali iliyo wazi, kiti kinawaka moto. Funika nguzo, fyuzi na rilei, na uzifunge pembeni mahali ambapo springi haifiki hata watu watatu wakikaa.

Nilipomaliza, hasara ya njia ya kwenda ilikuwa 0.15. Balbu zilezile, sasa kwenye volti 6.0 badala ya 4.6. Kwa hesabu ile ya kipeo, mwanga umefika karibu mara mbili na nusu ya ule wa awali. Nilimwita dada yangu atazame. Akasema, "Kumbe zilikuwa nyekundu?"

Bakuli na kava

Hapa nitakwenda haraka. Bati la ndani ya taa, nyuma ya balbu, ndilo linalorudisha mwanga nyuma. Likiwa na kutu au vumbi, nusu ya kazi imepotea. Lisafishe, likwangue kutu, lipake rangi. Wengi hupaka rangi ya fedha. Mimi nilijaribu, kisha nikapaka nyeupe ya kung'aa na nyeupe ikashinda, kwa sababu rangi ya fedha ya kopo kimsingi ni kijivu. Karatasi ya alumini inang'aa sana lakini inatoa madoa ya mwanga badala ya kujaza kava nzima.

Kava ioshe ndani na nje kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Petroli na thina zinapasua plastiki ya zamani mistari midogo midogo ambayo haitoki. Mikwaruzo ya nje iondoe kwa msasa wa maji namba 1500, halafu 2000, kisha dawa ya kung'arishia. Kama imepauka mpaka imekuwa ya waridi, nunua nyingine.

LED, kwa masharti

Sizipingi. Zinavuta umeme kidogo, na zinawaka papo hapo, wakati filamenti inahitaji kama sehemu 2 kati ya 10 za sekunde kupata moto. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, muda huo ni mita tano na nusu za barabara. Ni urefu wa gari zima.

Lakini chagua nyekundu kwa kava nyekundu. LED nyeupe ina wekundu mchache, na kava inachuja rangi nyingine zote, kwa hiyo balbu iliyokupofusha ukiwa umeishika mkononi itakuwa ya waridi iliyofifia ikishafungwa. Chagua yenye vitaa pande zote, si mbele tu, la sivyo bakuli ulilolipaka rangi halitapata mwanga wa kurudisha. Na ukishaifunga, washa taa ndogo usiku, mtu akanyage breki, usimame mbali: kama tofauti kati ya taa ndogo na breki inakufanya ufikirie, irudishe. Aliye nyuma hana muda wa kufikiria. Angalia pia sheria za nchi yako, maana kwingine hairuhusiwi kuweka LED kwenye taa iliyotengenezewa filamenti.

Mimi niliacha balbu za kawaida kwenye taa za kiwanda. LED niliiweka kwingine.

Taa ya tatu

Taa za Beetle ziko chini, na dereva wa gari refu aliye karibu nyuma yako hazioni kabisa. Mwaka 1974 mtafiti John Voevodsky alichapisha matokeo ya kufunga taa ya ziada ya breki nyuma ya teksi za San Francisco, nazo ziligongwa nyuma mara chache mno kuliko teksi zisizokuwa nayo. Marekani ikaifanya lazima kwa magari madogo kuanzia modeli za 1986. Watu walipoizoea faida ilipungua, lakini haikuisha: tathmini ya mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, ya 1998 ilikadiria kwamba inapunguza kugongwa nyuma kwa asilimia 4.3. Si namba ya kutikisa nchi, ila kwa kitaa kimoja cha ukubwa wa rula nimeridhika nayo.

Yangu ni ukanda wa LED nyekundu wa volti 6, umekaa ndani ya kioo cha nyuma, juu katikati. Sikutoboa chochote, umeshikwa kwa gundi ya pande mbili kwenye mabano mawili madogo. Uso wake ugusane na kioo, na pembeni uzibe kwa sponji nyeusi, vinginevyo usiku kila ukikanyaga breki kioo kinakurudishia wekundu machoni. Waya nilizipitisha chini ya kitambaa cha dari mpaka nyuma ya kiti, chanya ikaungwa kwenye 87 ya rilei na hasi kwenye ile ethi mpya. LED inajali upande: ikikataa kuwaka, geuza waya kabla ya kuilaani.

Baada ya wiki mbili nilimpigia shemeji aje saa saba, jua lilelile. Nilimsimamisha hatua hamsini nyuma ya gari, nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga kwa mguu mwepesi kabisa. Kila mara alinyanyua mkono. Mara ya nne aliunyanyua kabla sijakanyaga, nikashuka kuangalia. Alikuwa anafukuza nzi.